Tunapanga distro nyepesi ya Linux ya mashine za saiba na shule, nani yuko ndani?

saiba_kondele (mwenye uzi)

Niaje watu wangu. Niko Kisumu, upande wa Kondele, namsaidia shangazi kuendesha saiba, yaani duka la intaneti. Tuko na mashine nane, sita ni ex-UK za Core 2 Duo na RAM ya giga mbili, mbili ni Core i3 zile za mwanzo zenye giga nne, diski zote ni zile za kuzunguka. Zote ziko kwa Windows 10 na mnajua msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na RAM giga nne kwenda juu, hapa kwetu hata usiulize. Kuna muuzaji amemwambia shangazi anunue mpya zote nane. Shangazi akacheka, mi nikacheka, tukaendelea kupiga fotokopi.

Sasa usiku tukishafunga nimekuwa nikijaribu Linux moja baada ya nyingine. Puppy inapaa hata kwa mashine mbovu kabisa kwa sababu inajipakia yote kwa RAM, lakini kumwachia mteja Puppy ni kumtesa, tena unaingia moja kwa moja kama root, yule mwenye ruhusa zote, kwa saiba hiyo hapana. Lubuntu ni safi ila ukifungua brauza kwa giga mbili unaanza kusikia diski ikisaga kama posho mill. antiX naiheshimu, ni nyepesi ajabu, lakini na ile menyu mteja ataniita kila dakika. Ndio nikawaza, kwani sisi hatuwezi kuunda distro yetu, yaani Linux yetu iliyopangwa tayari?

Mpango niliandika kwa daftari ni huu: msingi uwe Debian, desktopu tuunde yetu kuanzia chini juu ya Openbox (kile kiprogramu cha kushika madirisha), tutoe ya biti 32 na ya biti 64, tuwe na stoo yetu ya pakeji (programu zilizofungwa tayari kuwekwa), toleo jipya kila miezi sita, na logo ya samaki mbuta. Jina bado. Wenye kujua kodi, wenye kujua picha, wenye muda tu, semeni.

section58

Buda, salamu kutoka Nakuru. Wazo ni poa lakini huo mpango ni wa watu arobaini na nyinyi mko wawili, wewe na shangazi.

Anza kwa kutoa biti 32. Debian 13 ile ya Agosti 2025 haina tena instola wala kerneli (moyo wa mfumo) ya i386, yaani biti 32, ya mwisho kuwa nayo ni Debian 12, na hata hiyo LTS yake, yaani msaada wa muda mrefu, inafika Juni 2028 basi. Ubuntu waliacha kutoa ISO (faili za kuweka mfumo) za desktopu za biti 32 tangu 17.10. Ukisema utashikilia biti 32 peke yako maana yake utakuwa ukijenga kerneli mwenyewe kila tundu la usalama likipatikana, usiku, baada ya saiba. Na kwa nini? Core 2 Duo zako zote ni biti 64! Piga `lscpu` uangalie mstari wa op-mode, utaona zote mbili ziko. Zile za biti 32 peke yake ni vile vinetibuku vya Atom N270 na Pentium 4 za kitambo, hizo wapelekee Puppy wazee pamoja.

Hapo kwa Debian uko sawa, na kuna sababu watu hawasemagi. Prosesa za Core 2 hazifiki kile kiwango kinaitwa x86-64-v2, na kuna distro kama RHEL 9 zinataka hicho kiwango, hazitawaka kwako. Debian bado inajengwa kwa kiwango cha kwanza kabisa cha biti 64. Kwa hivyo kabla mtu hajakuja hapa kusema "tumieni hii ingine", aulize kwanza Core 2 Duo inasemaje.

njoro_line

Mkitumia Debian ya kawaida mmeingiza systemd, ile programu ya kuanzisha kila kitu mashine ikiwaka, na hapo wepesi umeisha. Chukueni Devuan, Debian isiyo na systemd, ama mfuate antiX, zenye runit ama sysvinit badala yake. systemd kwa mashine ya giga mbili ni kubeba friji kwa bodaboda.

section58

Nilijua tu. Haya, njoro, pima utuletee namba, mashine moja, desktopu moja, mara na systemd mara bila, alafu ufungue brauza kurasa tano tuone nani amekula RAM. Hatutajaza uzi na hii.

saiba_kondele (mwenye uzi)

Nimekubali biti 32 iende. Iliniuma kidogo lakini imeenda.

Kwa RAM niseme vile nimeona mwenyewe kwa macho. Debian na desktopu nyepesi ya LXQt ikiwaka tupu bila kufungua kitu inakaa karibu megabaiti mia nne hivi, Openbox peke yake inashuka chini ya hapo. Tunapigania hiyo tofauti wiki nzima, alafu mteja anakuja anafungua eCitizen, KUCCPS, YouTube na barua pepe, brauza inameza giga moja na nusu ikiwa imekaa vizuri tu. Mchezo uko hapo. Kwa hivyo mambo ya kupanga kwanza si desktopu, ni nini kinafanyika RAM ikijaa.

Nimejaribu zram kwa ile mashine namba tatu na imenishangaza. Inachukua kipande cha RAM inakibana, yaani vile ungekanyaga nguo kwa gunia ziingie zingine, badala ya kutupa vitu kwa diski ya kuzunguka ambayo ndio inaua kila kitu. Nimeweka nusu ya RAM, kwa mbinu ya kubana ya lz4, kwa sababu ile ingine ya zstd inabana zaidi lakini kwa Core 2 prosesa inalia. Alafu earlyoom, hii inaangalia RAM ikikaribia kuisha inaua programu moja kubwa kabla mashine yote haijaganda. Mteja anapoteza ukurasa mmoja, hapotezi dakika kumi za kusubiri nikishika batani ya pawa.

Na kuna kitu Debian 13 imebadilisha ambacho kitawachoma mkikosa kujua: siku hizi `/tmp` inakaa kwa RAM, na inaruhusiwa kukua hadi nusu ya RAM yote. Kwa mashine ya giga kumi na sita hakuna mtu ataona. Kwa yangu, programu ikimwaga faili kubwa ya muda hapo, mashine inaanza kutambaa na hakuna anayejua ni nini. Dawa ni `systemctl mask tmp.mount`, ukiwasha tena inarudi kwa diski. Hii iingie kwa mpango.

fundi_kibuye

Omera mimi kodi sijui, najua bisibisi. Nafungua hizi mashine kila siku hapa Kibuye na nataka kuwauliza kitu kimoja, hiyo distro yenu itafanya nini betri ya saa ikiwa imekufa?

Nieleze. Kuna mama aliniletea desktopu juzi, ameshalipa mtu mahali pengine aweke Windows upya mara mbili. Shida yake, "intaneti imekataa". Nawasha, waifai imeshika, bando liko, lakini kila tovuti inaleta onyo jekundu ati si salama. Nikaangalia kona ya chini. Tarehe 1 Januari 2009. Ile betri ndogo ya CR2032 pale kwa bodi, ya saizi ya kobole, imekufa, kwa hivyo stima ikipotea tu saa inarudi pale kiwandani. Na cheti cha tovuti kiko na siku ya kuanza na siku ya kuisha, sasa mashine inaona cheti cha mwaka huu inasema hiki hata hakijazaliwa. Mama amelipa mara mbili kwa ajili ya betri.

Hizi ex-UK zimekaa stoo miaka, zile naletewa mimi nyingi ziko hivyo. Na stima yetu mnaijua.

saiba_kondele (mwenye uzi)

Fundi umenimaliza. Hiyo imenitokea na Debian pia sikujua ni hiyo, apt, ile ya kuweka programu, ilikuwa inakataa ikisema faili ya Release bado haijaanza kutumika, nikadhani stoo imeharibika nikabadilisha mira (seva za kupakulia) tatu!

Nimesoma sasa hivi: systemd-timesyncd inaandika saa ya mwisho kwa faili, mashine ikiwaka na saa iko nyuma ya ile iliyoandikwa, inasukuma mbele hadi pale. Kwa hivyo badala ya 2009 unaanzia jana jioni, cheti kinakubali, alafu ikishapata intaneti inajirekebisha. Njoro_line pole, systemd imepata kura.

njoro_line

Kuna fake-hwclock, inafanya hiyo hiyo na haihitaji systemd. Na bado napima, ngojeni.

mwalimu_mulembe

Mulembe mno. Mimi nafundisha kompyuta shule ya upili huku Kakamega, maabara ina mashine ishirini na mbili, zinazowaka ni kumi na saba. Nimesoma uzi wote kimya, sasa naomba niseme matatu hivi.

La kwanza, msiahidi walimu kwamba hii itachukua nafasi ya Windows kwa kila kitu. Somo la 451 la KCSE, yaani Kompyuta, karatasi ya pili ni ya vitendo, kuna spredishiti, kuna databesi, kuna uchapishaji, na shule nyingi zinafundishia Access na Publisher. LibreOffice Draw inaweza kufungua faili za Publisher kwa kiasi fulani, lakini Base si Access, mtoto aliyezoea moja atapotea kwa nyingine siku ya mtihani. Mimi ningebakisha mashine tano na Windows, bila intaneti, kwa kazi hiyo, kumi na mbili ziende Linux. Wale ambao mtihani bado uko mbali hawana shida yoyote, kuchapa ni kuchapa.

La pili ni apdeti. Mashine kumi na mbili zikivuta apdeti zile zile kupitia hotspot ya simu ya mwalimu, mshahara umeisha. Wekeni apt-cacher-ng kwa mashine moja, ya kwanza ikivuta pakeji inabaki pale, zingine kumi na moja zinachukua ndani ya maabara. Iwe ni swali moja wakati wa kuweka, "kuna mashine ya maabara?", ndio ama hapana. Msituachie tuandike anwani kwa faili za kujificha.

La tatu, Kiswahili. Najua kuna mtu atasema tuandike menyu yote kwa Kiswahili. Kazi hiyo haianzi leo, mwaka 2004 wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice ya Kiswahili ikaitwa Jambo OpenOffice, kwa hivyo msidhani mnaanza na karatasi tupu. Lakini kwa shule weka Kiingereza iwe ya kwanza na Kiswahili iwe chaguo pale pa kuingia, kwa sababu mtihani unauliza kwa Kiingereza. Mahali pa Kiswahili pa maana zaidi ni jumbe za makosa. Mtoto akiona "diski imejaa, futa kitu" anafuta. Akiona ile aya ya Kiingereza ananiita.

section58

Mwalimu hiyo ya jumbe za makosa ni dhahabu. Na inawezekana, si lazima tutafsiri dunia, tuchukue zile jumbe kumi zinazotokea kila siku.

Sasa saiba_kondele, ofisi. Weka AbiWord ya kuandika na Gnumeric ya spredishiti, LibreOffice ni nzito kwa mashine zako.

saiba_kondele (mwenye uzi)

Hapana, na hapa sitoki. Nilijaribu. Jamaa alikuja na CV kwa flashi, interviu ni saa nane, nikaifungua kwa AbiWord, jedwali la shule zake likavunjika, kurasa mbili zikawa tatu na jina la refa likabaki peke yake huko chini. Uso wake bado nauona. Tena kuna zile spredishiti za ritani za kodi zenye makro, Gnumeric haiendeshi makro kabisa, na Juni yote kazi yetu ni hizo ritani.

LibreOffice inachelewa kufunguka, sawa, lakini ikishafunguka inafanya kazi. Na ile shida ya CV kuhama nusu yake ni fonti tu! Watu wanaandika kwa Calibri, Linux haina Calibri, inaweka fonti nyingine pana zaidi, mistari inasukumana. Kuna fonti inaitwa Carlito, herufi zake zina upana sawasawa na za Calibri, na Caladea kwa Cambria, na Liberation kwa Times na Arial. Pakeji tatu ndogo. Hizo ziingie kabla ya picha ya ukutani, kabla ya logo, kabla ya kila kitu.

Printa nayo. Yetu ni LaserJet P1102, hiyo HPLIP (draiva za HP) haitoshi, inataka plagini inayopakuliwa kando, kwa hivyo lazima kuwe na intaneti mara moja. Tutaandika hivyo wazi kwa ukurasa wa kwanza mtu asikae anabonyeza chapa mara ishirini.

Kitu kingine ambacho hakuna distro nimeona inakifikiria ni desktopu ya mteja. Jioni nikifunga nakuta skani za ID, vyeti vya kuzaliwa, PIN za watu, zote zimeachwa pale na mteja wa kesho anaziona. Na tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sio mambo ya kucheka. Nataka akaunti ya mteja ijifute akitoka. LightDM, ile programu ya skrini ya kuingilia, iko na mahali pa kuweka skripti inayojiendesha mtu akitoka, `session-cleanup-script`, tunafuta folda yake tunarudisha ile safi. LXQt huja na SDDM, skrini nyingine ya kuingilia, kwa hivyo tutabadilisha. Niliwaza kuweka folda ya mteja kwa RAM ijifute yenyewe lakini RAM ndio hatuna, si tumeshaongea.

fundi_kibuye

Usisahau kutangaza ile ya flashi. Mtu analeta flashi, kwa Windows anaona shotikati tupu, analia faili zimeenda. Nikiichomeka kwa Linux naona folda zake zote zimekaa tu hapo, kirusi kilizificha hakikufuta. Nimewarudishia watu taarifa za chama, picha za matanga, tasnifu nzima ya msichana wa Maseno. Hiyo peke yake itakuuzia distro kuliko neno "nyepesi".

section58

Sasa nirudi kwa lile la kwanza, stoo ya pakeji na miezi sita. Mimi nimewahi kuwa kwa kikundi cha kutengeneza distro hapa Nakuru, sitataja, tulikuwa wanne, tulitumia miezi mitatu kwa picha ya kuwakia na jina. ISO ilitoka moja. Brauza ikaja na tundu la usalama wiki ya pili, ilikuwa brauza tuliyojijengea wenyewe, na yule aliyejua kuijenga alikuwa amepata kazi Nairobi. Watu waliobaki nayo walibaki na mlango wazi.

Kwa hivyo msiwe na stoo. Pakeji zote zitoke kwa Debian moja kwa moja, apdeti za usalama ziende kwa mashine ya shangazi bila kupitia kwako. Chenu kiwe pakeji moja, MOJA, .deb ndogo ambayo ndani ina orodha ya pakeji inazozitegemea na seti za zram, earlyoom, saa, fonti, ile ya kufuta mteja, na jumbe za mwalimu. Mkilala mwaka mzima mashine bado zinapata apdeti. Toleo jipya ni wakati Debian imetoa, karibu kila miaka miwili.

ISO unajenga na live-build, `lb config --distribution trixie` (trixie ndiyo Debian 13), unaongeza non-free-firmware kwa archive areas kwa sababu waifai za hizi laptopu bila fimweya (programu ndogo ya kifaa chenyewe) haziamki, orodha ya pakeji unaiandika kwa `config/package-lists/`, alafu `lb build` uende ukanywe chai. Calamares iwe instola, ina maswali machache. Na weka `--source true`, kwa sababu ukigawa ISO ya programu za GPL, ile leseni huria, unatakiwa uweze kutoa na kodi yake, hiyo inakutolea faili nzima ya kodi ukae nayo. Na usiiite "Debian kitu fulani" mtu adhani ni yao.

njoro_line

Nimepima. Laptopu ya giga mbili, Openbox, systemd na bila. Tofauti ipo lakini... ni ndogo kuliko ukurasa mmoja wa YouTube. Sijasema mmeshinda. Nimesema ni ndogo.

Jina?

mwalimu_mulembe

Isikuti.

section58

Flamingo, na msijifanye hamjui flamingo ni wa wapi.

saiba_kondele (mwenye uzi)

Omena. Ni ndogo, ni ya bei ya watu, na inashibisha. Mbuta ni mkubwa, anakaa kwa friji. Shangazi ndiye amesema, mimi sina kura nyumbani.

Daftari nimelifuta nimeandika upya. Biti 64 peke yake, Debian 13, LXQt na LightDM kwa sababu mteja anaielewa bila kufunzwa, pakeji yetu moja, hakuna stoo, hakuna miezi sita. Njoro_line nakuachia skripti ya kufuta akaunti ya mteja kwa sababu wewe ndio unapenda kupima. Mwalimu, nitumie zile jumbe kumi kwa Kiswahili vile ungemwambia mtoto. Section58 unakagua kila kitu nikiandika, hata ukinitusi.

ISO ya kwanza imejengeka jana usiku, ikagoma mara mbili nikiwa nimekosea jina la pakeji ya fonti, ya tatu ikapita. Imewaka kwa namba tatu na namba tano. Namba sita waifai haijaonekana, bado natafuta.

Fundi, Jumamosi asubuhi nakuja Kibuye na flashi. Uko na mashine yoyote yenye betri imekufa? Usiibadilishe, niwekee hivyo hivyo.

fundi_kibuye

Ziko nne. Njoo na chaja yako.